Alexander Fleming: Aliyegundua penisilini, na onyo alilotuachia kuhusu nyumba zetu

Mama, au mlezi unayesoma hapa, huenda nyumbani kwako juu ya kabati kuna chupa ya dawa ya maji iliyobaki nusu. Mtoto aliumwa, ukapewa dawa, siku ya tatu akaanza kucheza, ukaifunga chupa na kuiweka akiba. Mimi ni muuguzi wa jamii, na ninapotembelea familia chupa hiyo naiona mara nyingi. Sikugombezi, kwa sababu najua dawa ni pesa na hakuna anayependa kutupa pesa.

Lakini nataka nikusimulie maisha ya mtu ambaye bila yeye huenda dawa hiyo isingekuwepo. Aliitwa Alexander Fleming. Yeye ndiye aliyegundua penisilini, na amoksilini tunayowapa watoto leo ni ya ukoo huo huo. Ni yeye pia aliyeonya, zaidi ya miaka 75 iliyopita, kwamba dawa hii inaweza kuharibikia nyumbani, mikononi mwa watu wenye nia njema.

Mtoto wa mkulima

Fleming alizaliwa tarehe 6 Agosti 1881 katika shamba moja karibu na mji mdogo wa Darvel, huko Uskoti. Baba yake, Hugh, alikuwa mkulima na mfugaji. Mama yake, Grace, alikuwa mke wa pili, na nyumba ilikuwa na watoto wanane. Alexander alikuwa wa saba. Alipokuwa na miaka saba baba yake alifariki, na mama akabaki na shamba na watoto wa kulea.

Alikwenda shule kwa miguu kama watoto wengi wa kijijini. Akiwa na miaka 13 hivi alihamia London kuishi na kaka yake aliyekuwa daktari. Pesa ya kusomea udaktari haikuwepo, kwa hiyo alifanya kazi miaka minne kama karani katika kampuni ya meli. Kisha ndugu wa baba yake alifariki na kumwachia urithi kidogo. Kwa pesa hiyo, mwaka 1901 aliingia chuo cha udaktari cha hospitali ya St Mary's, London, na mwaka 1906 akahitimu. Aliendelea kufanya kazi katika hospitali hiyo karibu maisha yake yote.

Vidonda vya vitani

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914, Fleming alipelekwa Boulogne, Ufaransa, kufanya kazi katika maabara ya hospitali ya jeshi. Huko aliona jambo lililomkaa moyoni. Askari wengi walifika wakiwa hai, wakafa siku chache baadaye kwa sababu vidonda vyao viliingia bakteria, vikaoza, na sumu ikasambaa mwilini.

Madaktari wa wakati ule walikuwa wakimwaga dawa kali za kuua vijidudu ndani ya vidonda. Fleming alionyesha kwamba kwenye vidonda virefu dawa hizo hazikufika kwenye mianya waliyojificha bakteria. Kibaya zaidi, ziliua chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili. Kidonda kilizidi kuwa dhaifu.

Hapa kuna somo la kwanza kwako. Mtoto akijikata, usimwage dawa kali ndani ya kidonda, na usifungue kapsuli ya rangi mbili na kunyunyiza unga wake. Unga huo hautibu kidonda inavyotakiwa, ila unawafundisha bakteria kuizoea dawa. Osha kidonda kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, kikaushe, kifunike kwa kitambaa safi. Kikiwa kirefu, kichafu au kinatoa usaha, mpeleke mtoto kituoni.

Mwaka 1915 Fleming alimwoa Sarah McElroy, nesi kutoka Ireland. Mwaka 1924 walipata mtoto wao pekee, Robert, ambaye baadaye naye akawa daktari.

Ulinzi uliomo ndani ya maziwa yako

Baada ya vita Fleming alirudi London akiwa na swali moja: je, kuna kitu kinachoweza kuua bakteria bila kuumiza mwili? Siku moja akiwa na mafua aliweka kamasi zake kwenye kisahani chenye bakteria. Akaona bakteria waliokuwa karibu na kamasi wanayeyuka. Mwaka 1922 alitangaza kwamba kamasi, machozi na mate vina kinga ya asili inayoitwa lisozaimu.

Kinga hiyo hiyo imo ndani ya maziwa ya mama. Unapomnyonyesha mtoto maziwa yako pekee kwa miezi sita ya mwanzo, bila maji wala uji, unampa ulinzi ambao hakuna duka linalouza. Mtoto asiyeugua mara kwa mara hahitaji dawa mara kwa mara.

Kisahani kilichoota ukungu

Mwaka 1928 Fleming alikuwa akichunguza bakteria wanaosababisha majipu. Aliwaotesha kwenye visahani vya kioo, akaenda likizo na familia yake. Aliporudi maabara tarehe 3 Septemba, alikuta kisahani kimoja kimeota ukungu, kama ule unaouona kwenye mkate uliokaa siku nyingi. Mwingine angekitupa. Yeye alikiangalia vizuri akaona kwamba kuzunguka ukungu ule bakteria wote walikuwa wamekufa.

Aliuotesha ukungu ule, akakuta maji yake yanaua aina nyingi za bakteria wabaya bila kuumiza chembe za damu. Mwaka 1929 aliipa dawa hiyo jina la penisilini na kuchapisha matokeo yake. Lakini hakuweza kuisafisha na kuipata kwa wingi. Iliharibika haraka, na watu wachache walimsikiliza. Kwa zaidi ya miaka kumi ugunduzi ule ukabaki kama punje ya mbegu iliyosahaulika ghalani.

Dawa iliyoisha kabla mgonjwa hajapona

Waliouchukua ugunduzi huo na kuutengenezea dawa ni wanasayansi wa Oxford: Howard Florey, Ernst Chain, Norman Heatley na wenzao. Mwezi Mei 1940 waliwapa panya wanane bakteria wa hatari. Wanne walipewa penisilini, wanne hawakupewa. Kesho yake waliopewa dawa walikuwa hai, na wengine wote walikuwa wamekufa.

Februari 1941 walimpa dawa askari polisi mmoja ambaye maambukizi yalikuwa yamemharibu uso na kusambaa mwilini. Ndani ya siku chache homa ilishuka na akaanza kula. Kila mtu alifurahi. Lakini dawa iliyokuwepo ilikuwa kidogo mno. Waliivuna hata kutoka kwenye mkojo wake ili wampe tena, nayo ikaisha. Bakteria waliobaki wakaongezeka upya, na tarehe 15 Machi akafariki.

Mlezi, tafakari kisa hicho pale mtoto anapopata nafuu siku ya pili au ya tatu. Nafuu ina maana kwamba bakteria wengi wamekufa, si lazima wote. Askari yule hakuwa na dawa ya kumalizia. Mtoto wako anayo, imo ndani ya chupa.

Mwaka uliofuata, huko New Haven, Marekani, mama mmoja aitwaye Anne Miller alikuwa anakaribia kufa baada ya mimba kuharibika. Bakteria walikuwa wameingia kwenye damu. Homa ilikuwa juu sana kwa wiki kadhaa, na dawa zilizokuwepo wakati ule zote zilishindwa. Mwezi Machi 1942 alipewa penisilini, na kufikia siku ya pili homa ilikuwa imeshuka. Alipona, akaishi hadi mwaka 1999, akiwa na miaka 90.

Kwa sisi tunaojifungua, kisa hiki kinatuhusu moja kwa moja. Kabla ya dawa hizi, maambukizi baada ya kujifungua au mimba kuharibika yaliwaua akina mama wengi. Dawa hizi zikiacha kufanya kazi, hatari hiyo itarudi.

Onyo la mwaka 1945

Kufikia mwaka 1944 viwanda vilikuwa vinatengeneza penisilini kwa wingi. Fleming akawa maarufu duniani. Mwaka huo alipewa heshima ya kuitwa Sir, na mwezi Desemba 1945 yeye, Florey na Chain walipokea pamoja Tuzo ya Nobel ya tiba mjini Stockholm.

Wakati ule angeweza kujisifu tu, lakini alitoa onyo. Alieleza kwamba maabara ni rahisi kuwafanya bakteria wawe sugu: unawapa dawa kidogo isiyotosha kuwaua, nao wanaizoea. Akasema jambo hilo hilo linaweza kutokea mwilini. Kisha akatoa mfano wa nyumba moja ya kubuni. Mume ana maumivu ya koo. Ananunua penisilini mwenyewe na kunywa kidogo, haitoshi kuua bakteria ila inatosha kuwafundisha ukaidi. Anamwambukiza mke wake bakteria hao. Mke anapata nimonia, anapewa penisilini ile ile, na haifanyi kazi. Mke anakufa. Kwa Fleming, aliyebeba lawama ni mume aliyeitumia dawa ovyo.

Angalia vizuri mfano huo. Aliyekosea si aliyekufa. Dawa aliyoichezea mmoja ilimgharimu mwingine wa nyumba ile ile. Usugu wa dawa hauishii kwa aliyekunywa, na mwili wa mtu hauizoei dawa kama wengi wanavyodhani. Wanaoizoea ni bakteria, na bakteria wanahama kutoka mtu hadi mtu.

Onyo lilivyotimia

Hakukuwa na muda mrefu wa kusubiri. Miaka ile ile ya 1940, bakteria wa majipu wasiosikia penisilini walionekana hospitalini. Mwaka 1947 Uingereza ilipitisha sheria kwamba penisilini iuzwe kwa cheti cha daktari tu. Baadaye ikatengenezwa dawa mpya, methisilini, ya kuwashinda bakteria hao. Ilianza kutumika karibu na mwaka 1960, na mwaka 1961 bakteria sugu kwa dawa hiyo nao wakatangazwa. Hadi leo tunakimbizana nao.

Fleming hakuyaona hayo yote. Sarah alifariki mwaka 1949. Mwaka 1953 Fleming alimwoa Amalia, mtaalamu wa bakteria kutoka Ugiriki aliyefanya kazi naye. Tarehe 11 Machi 1955 alifariki nyumbani kwake London kwa ugonjwa wa moyo, akazikwa katika kanisa kuu la St Paul's.

Watafiti walikadiria kwamba mwaka 2019 bakteria sugu walisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani, na Afrika kusini mwa Sahara ndiko mzigo ulikuwa mzito zaidi.

Bakteria sugu wanaingiaje nyumbani?

Wanapita njia zile zile wanazopita bakteria wengine:

- Mikononi. Unambadilisha mtoto nepi, hunawi kwa sabuni, unashika sufuria.
- Kwenye maji na chakula kilichoguswa na kinyesi, au nyama isiyoiva vizuri.
- Kwa taulo, wembe au kitambaa kinachotumiwa na watu wengi, hasa kama mmoja ana jipu au kidonda.
- Kutoka wodini. Ukienda kumwona mgonjwa, unaweza kurudi nao mikononi.
- Kutoka kwa mifugo. Kuku na ng'ombe wanaopewa antibiotiki ovyo hubeba bakteria sugu.

Mtu anaweza kuwabeba puani, kwenye ngozi au tumboni bila kuumwa. Kwa hiyo huwezi kumtambua kwa macho. Bakteria pia wanaweza kupeana usugu wao kwa wao, aina moja ikaifundisha nyingine.

Unachoweza kufanya kuanzia leo

1. Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka baada ya choo, baada ya kumsafisha mtoto, kabla ya kupika, kabla ya kula na kulisha. Kama huna bomba, ndoo yenye koki au kibuyu chirizi kinatosha. Nawa pia kabla na baada ya kumwona mgonjwa hospitalini, na usikae kwenye kitanda chake.

2. Chemsha au tibu maji ya kunywa. Pika nyama na mayai hadi yaive. Tenga kisu na ubao wa nyama mbichi.

3. Kamilisha chanjo. Chanjo ya nimonia, ya rota, ya surua na ile ya pamoja inayomkinga na magonjwa matano humpunguzia mtoto magonjwa, na hivyo kupunguza dawa.

4. Usinunue antibiotiki kwa kukisia. Mafua na kikohozi cha kawaida huletwa zaidi na virusi, na antibiotiki haziui virusi. Mtoto mwenye mafua anahitaji kunyonya au kunywa zaidi, kupumzika na kuangaliwa.

5. Kuhara kwingi pia hakuhitaji antibiotiki. Mpe mtoto maji ya ORS na zinki kwa siku 10 hadi 14, na uendelee kumnyonyesha na kumlisha. Ukiona damu kwenye kinyesi, mpeleke kituoni.

6. Dawa ikiandikwa, mpe kwa kipimo, saa na siku ulizoelekezwa. Pima kwa kijiko au bomba lililokuja na dawa, kwa sababu vijiko vya jikoni havilingani. Kama pesa haitoshi dozi nzima, mwambie mhudumu papo hapo ili mtafute njia. Usinunue nusu dozi kimya kimya. Mtoto akipata vipele au akatapika dawa, rudi ukaulize kabla ya kuacha.

7. Usimpe mtoto dawa ya ndugu yake au ya jirani. Kipimo hutegemea uzito, na ugonjwa unaweza kuwa mwingine. Dawa ya unga iliyochanganywa na maji hudumu siku chache tu baada ya kuchanganywa.

8. Ukifuga, usiwape kuku dawa kama kinga ya kila siku. Muulize mtaalamu wa mifugo, na usile wala kuuza mayai, maziwa au nyama kabla ya siku zilizoandikwa kwenye dawa kuisha.

Usisubiri ukiona haya

Kulinda dawa hakuna maana ya kumnyima mtoto anayeihitaji. Mpeleke kituo cha afya mara moja kama:

- hawezi kunywa wala kunyonya, au anatapika kila kitu;
- amepata degedege, amelegea sana au haamki;
- kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi;
- anapumua haraka. Mhesabie dakika nzima akiwa ametulia. Ni haraka kama ni mara 60 au zaidi kwa mtoto chini ya miezi 2, mara 50 au zaidi kwa miezi 2 hadi 11, na mara 40 au zaidi kwa mwaka 1 hadi 5;
- ni mchanga chini ya miezi 2 na ana homa au mwili wa baridi.

Na wewe mama uliyejifungua karibuni, ukipata homa, maumivu makali ya tumbo la chini au uchafu wenye harufu mbaya ukeni, usivumilie nyumbani. Nenda kituoni siku hiyo hiyo.

Turudi kwenye ile chupa

Fleming alikuta ukungu kwenye kisahani na hakuutupa. Sisi tumerithi kazi ndogo zaidi: kutoupoteza ugunduzi wake. Kwa hiyo leo ukimaliza kusoma, nenda kaitazame ile chupa iliyo juu ya kabati. Usimpe mtu. Usiimwage chooni wala kwenye mtaro, kwa sababu huko nako kuna bakteria wa kufundishwa. Ichukue siku unayokwenda kliniki, ukabidhi kwa mhudumu wa afya au mtoa dawa, na umuulize dozi ya mtoto ilitakiwa iwe ya siku ngapi.

Siku moja mmoja wa nyumbani kwako anaweza kuumwa kama Anne Miller alivyoumwa. Siku hiyo utataka dawa ifanye kazi.